Likeni na Buibui wa Mwalimu

Mchungaji mgeni aliyehamia Fizi, mji wetu wa mlimani juu ya ziwa, alimsifu Mwalimu mbele ya waumini wote katika ibada yake ya kwanza. Alisema kila akipita nyuma ya shule ya sekondari asubuhi humkuta mzee mmoja amepiga magoti mbele ya jiwe kubwa, kichwa chini, umande wote ukimlowesha, na kwamba mji wenye watu wa maombi kama huyo hauwezi kuyumba. Watu walijikaza wasicheke, na wengine walishindwa. Mchungaji hakujua kwamba mzee wake wa maombi hakuwa hata wa kanisa lile. Alikuwa Mkatoliki, tena Mkatoliki wa kuchelewa misa, na pale kwenye jiwe alikuwa akitazama buibui.

Mwalimu alipoletewa habari hiyo hakucheka. Alifikiri kidogo, akasema, "Ule pastere eko na macho. Ameona magoti. Sasa inabakia aone libwe." Libwe kwetu ni jiwe.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Kwetu Fizi ukimtaja mtu utaulizwa kwanza baba yake, kisha babu yake, mpaka usahau ulichotaka kusema. Yeye mwenyewe alichukia maswali hayo. Mtoto mpya akiingia darasani akianza kujieleza kwa majina ya wazee wake, Mwalimu humkatiza na kumuuliza amekula nini asubuhi, basi. Kwa hiyo nitamweka hapa kama nilivyomwona, maana nilimwona kwa miaka mingi: kwanza kama mwanafunzi wake, halafu kama jirani, kwa kuwa nyumba ya mama yangu inapakana na uwanja wa shule.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na suruali zake zilichakaa magotini kabla ya mahali pengine popote. Fundi wa cherehani pale sokoni alichoka kumshonea viraka vya kitambaa, akamwekea vya turubai, lile turubai jeupe la wakimbizi ambalo kwetu limefunika kila kitu, kuanzia vyoo mpaka makanisa. Tangu siku hiyo tulimsikia kabla hatujamwona, suruali ikinguruma kila hatua. Shingoni alitundika lupu, kioo cha kukuzia vitu vidogo, yenye ufa, kwa kamba ya kiatu. Chai alikunywa bila sukari, na akakukemea ukitia yako.

Walimu wa sekondari kwetu huitwa prof. Yeye alikataa. Alisema prof ni mtu anayejua, na mwalimu ni mtu anayefundisha, na hakuwa na nafasi ya kufanya yote mawili. Kwa hiyo tukabaki kumwita Mwalimu, na mji mzima ukafuata, hata watu waliomzidi umri.

Hakupiga mtoto hata siku moja, jambo ambalo wazazi wengine hawakulipenda kabisa. Adhabu yake ilikuwa jiwe. Ukipiga kelele darasani, unatoka, unakwenda kukaa mbele ya lile jiwe nyuma ya madarasa, na hurudi mpaka uone kitu kinachotembea. Lilikuwa jiwe kubwa kama lori lililozimika njiani, na juu yake kulikuwa na mabaka ya mviringo, ya kijivu kinachoelekea kijani, makavu, yamejikunja pembezoni kama ngozi ya kidonda kilichopona. Hayo ndiyo likeni. Mimi nilikuwa mtoto wa maneno mengi, kwa hiyo nililijua jiwe hilo kuliko nilivyojua jometri.

Mara ya kwanza nilikaa na hasira mpaka matako yakafa ganzi. Sikuona kitu. Niliona jiwe. Halafu kipande cha likeni kikaruka. Nilipiga ukelele uliowatoa watoto wa darasa la jirani, na Mwalimu akachungulia dirishani akaniambia, kwa upole kabisa, "Ee. Rudia sasa ndani."

Yule alikuwa buibui. Ni mdogo kuliko punje ya kunde, rangi yake ni ile ile ya likeni, na anakaa juu ya likeni siku nzima kama sehemu yake. Hafumi wavu. Anawinda kwa kuruka. Sijui jina lake la kitaalamu, na Mwalimu naye hakuwahi kutuambia, ingawa nadhani alilijua. Mimi sipendi buibui, na niseme wazi kwamba sijawahi kuwapenda mpaka leo, lakini yule mdogo namheshimu.

Somo lake kubwa, lile lililofanya watu waliosoma kwake watambuane hata wakikutana Uvira au Bujumbura, lilikuwa kulinganisha hao wawili. Alilifundisha kila mwaka, iwe lipo kwenye mpango wa masomo au halipo. Alichora mstari katikati ya ubao, huku likeni, huku buibui, akaanza kutembea mbele yetu kwa ule mngurumo wa turubai.

"Likeni haiko majani," alisema. "Tena haiko uchafu ya libwe, musiniletee ile. Biko bintu bibili, kuvu na mwani, na binaikala nyumba moya. Mwani njo anapika, sababu anajuwa kutumikisha jua. Kuvu anashika libwe na anachunga maji. Ukibaachanisha pale juu ya libwe, bote banakufa."

Kisha anavuka mstari. "Buibui ule mudogo eko peke yake. Eko na macho munane. Eko na maguu munane. Batoto yake bakizaliwa, banapanda juu, banatoa uzi, upepo inababeba. Fasi gani? Habajuwi. Fasi upepo inataka."

Na hapo ndipo alipotufikisha kila mwaka. Alisimama katikati, chaki imeinuliwa, akauliza: huyu mwenye macho manane na miguu minane hajui kesho atalala wapi, na huyu asiye na jicho wala mguu yupo pale tangu kabla ya babu zenu. Nani mkubwa? Darasa zima lilijibu likeni. Alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Mimi sikujibu. Nusu ya darasa letu tulikuwa tumerudi kutoka kambini ng'ambo ya ziwa, Tanzania, tulikokulia kwa sababu ya vita. Tulijua vizuri kubebwa na upepo ni nini. Tuliporudi, tulikuta wale waliobaki wana namna yao ya kututazama, na sisi tuna namna yetu ya kuinamisha macho, na sasa hata biolojia ilikuwa upande wao.

Hapa lazima nimtendee haki. Mwalimu hakuwa mtu wa kudharau wakimbizi. Warundi walipoanza kupanda kutoka kambi zao za kando ya ziwa kutafuta mashamba ya kulima, wengi waliambiwa hakuna nafasi. Yeye aliwapa familia mbili kipande chote cha shamba lake cha upande wa mto, bila kuomba hata gunia la muhogo. Mtoto wa Kirundi akikaa nyuma kabisa kwa aibu, alimleta mbele. Kila aliyekimbia, mmoja mmoja, alikuwa rafiki yake. Lakini kukimbia kwenyewe alikuwa na neno nako, na neno hilo hakulimeza.

Mdogo wangu alikuwa darasani mwaka ambao binti mmoja wa Warundi hao aliinua mkono baada ya wenzake kujibu likeni. Alikuwa msichana wa sauti ndogo.

"Mwalimu," akasema, "na kama ndege anakuya kumukula buibui, buibui abakie tu pale?"

Mdogo wangu anasema Mwalimu aliweka chaki chini kengele ilipolia. Alisema, "Ile ni swali ya muzuri," akatoka. Mwaka uliofuata somo lilikuwa vile vile.

Ubishi wake haukuwa wa bure. Vita vilipopanda Fizi, kila mwenye miguu alishuka ziwani. Mke wake aliwabeba watoto mpaka Mboko, wakapata nafasi katika mtumbwi wa mashine, wakavuka kwenda upande wa Kigoma. Mwalimu alimwambia tangulieni, nafunga shule kwanza, nakuja. Hakwenda. Alijificha kwenye mashamba upande wa Lubondja, akala mizizi, akaugua, akapona, na bunduki zilipotulia kidogo akapanda tena. Watu wa kwanza kurudi walimkuta katika darasa lisilo na bati hata moja, akiwafundisha watoto wachache waliokaa juu ya matofali. Hilo si jambo dogo. Watu wetu wengi wamesoma kwa sababu yule mtu hakuondoka, na mimi ni mmoja wao.

Lakini sifa zilimharibu. Kila sherehe alisimamishwa, huyu ndiye aliyebaki, pigeni makofi. Ukipigiwa makofi kwa miaka mingi kwa jambo moja, unaanza kuamini kwamba jambo lingine lolote ni kosa.

Upande wa pili wa hadithi hiyo niliupata Baraka, mji wa kando ya ziwa, nilipoanza kufundisha shule ya msingi huko. Mke wake ndiye niliyenunua kwake ndagala, yaani dagaa. Mama Mwalimu, ndivyo tulivyomwita, ana meza yake karibu na mahali mitumbwi inapofikia, na anajulikana kwa kutochanganya ndagala za jana na za leo. Ni mama mnene, mcheshi, mwenye mikono isiyotulia. Hawakuwa wameachana, nieleweke. Yeye alipeleka ndagala Fizi kwa pikipiki, Mwalimu akateremsha maharagwe kwa pikipiki hiyo hiyo, na dereva akawa ndiye anayejua ndoa yao kuliko padri.

Siku moja, mvua imemzuia kuuza, nilimuuliza kwa nini hakai kwake Fizi.

"Nilirudiaka kule mwanzo," akasema. "Tulitoka ng'ambo, batoto bamekuwa bakubwa, mumoya hakujuwa ata sura ya baba yake. Mwalimu alifurahi sana, siwezi danganya. Alilia. Njo akatukamata mukono, tukaenda kuangaria libwe. Akanionesha likeni imeongezeka namna gani. Akanielezea fasi alijificha, bintu alikula. Minamusikiliza. Minangojea aniulize na miye."

"Hakukuuliza?"

"Nikasema, leo amechoka. Nikasema, kesho. Mwana wangu, ile kesho ningali naingojea. Ata siku moya hajaniulizaka tuliishi namna gani kule."

Alikaa msimu mmoja kwenye nyumba ya Fizi, halafu akashuka. Tangu hapo kila kiangazi hupanda kwenda kumwomba mumewe waishi wote Baraka: magoti yake yanamuuma, kifua chake hakipendi baridi ya mlimani, watoto wameolewa na kuoa, wamebaki wawili tu. Na kila kiangazi Mwalimu humjibu kwamba hawezi kuiacha likeni. Siku alipofunga shule kwa ajili ya vita, alikwaruza kwa msumari alama ndogo pembeni ya baka moja. Miaka yote hiyo baka lilikuwa limeivuka alama ile kwa upana wa ukucha. Angeondoka, nani angeendelea kutazama?

Niliposikia hilo nilikasirika sana. Mwanamke anashindana na utando wa jiwe, na anashindwa. Nilitaka nipande Fizi siku hiyo hiyo nikamwambie Mwalimu la moyoni. Sikupanda, kwa sababu mvua ilikuwa haijakatika, na kwa sababu mbele yake mimi bado ni yule mtoto wa kelele.

Sasa nifike kwenye ile sherehe.

Mwalimu alipofika wakati wa kupumzika kazi, komite ya wazazi iliamua kumfanyia siku yake. Waliitisha salongo, kazi ya pamoja, kila nyumba itoe mtu mmoja, kama kawaida yetu. Kwetu shule ikitarajia mgeni au sikukuu, majani yanakatwa, uwanja unafagiwa, na mawe yote ya kando ya njia yanapakwa chokaa. Shule isiyo na mawe meupe ni shule isiyo na adabu. Ndivyo tulivyolelewa.

Nilifika kutoka Baraka asubuhi ya sherehe yenyewe, na Mama Mwalimu pamoja nami, amevaa kitenge kipya. Tukazunguka nyuma ya madarasa ambako watu wamekusanyika, na pale nikasimama. Jiwe lote lilikuwa jeupe. Jeupe pee, kama shuka. Kina mama walikuwa wamelisugua kwa majivu, mchanga na brosi za chuma mpaka baka la mwisho likatoka, halafu wakalipaka chokaa mara mbili, na kijana mwenye mkono mzuri akaandika shukrani kwa Kifaransa, kwa rangi ya bluu: MERCI MWALIMU.

Walikuwa wamesimama pembeni wanatabasamu, mikono bado ina chokaa. Rais wa komite alitoa hotuba fupi. Alisema, "Mwalimu, miaka yote tunakuona unapiga magoti pale kwenye libwe ya uchafu, nguo yako inachafuka. Tukasema, sisi bazazi, ule muzee tumufanyie nini? Tumekusafishia fasi yako."

Wanafunzi wa zamani tulitazamana. Kila mmoja wetu alijua likeni ni nini. Wazazi hawakujua, maana kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewaambia. Walimwona tu akiinama, wakampenda, wakafanya wanachofanya kwa kitu wanachokipenda. Nilisikia mkono wa Mama Mwalimu ukinishika kiwiko kwa nguvu. Yeye ndiye mtu pekee pale aliyekuwa na sababu ya kufurahi, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Mwalimu alisogea. Alipiga magoti pale pale alipopiga siku zote, akatoa lupu, akaiweka jichoni, akatazama chokaa. Alikaa hivyo mpaka watu wakaanza kukohoa. Kisha akainuka, akajipangusa, akamshika rais wa komite kwa mikono miwili.

"Aksanti," akasema. "Mumetumika sana. Iko mweupe kabisa."

Akaenda kukaa mezani, akala bugali na samaki, akacheza hata ngoma moja na kina mama wa chokaa. Sijui alizitoa wapi nguvu hizo. Jioni nilipomfuata kwake kumwambia jinsi nilivyokasirika na watu wale, alinikatiza kama alivyokuwa akiwakatiza watoto wa majina marefu.

"Habakukosa kitu," akasema. "Batoto yabo nimebafundisha bote. Beye benyewe, ata mumoya sikumuita aone. Wa kukosa ni nani?"

Mke wake alishuka Baraka kesho yake bila kumwomba lolote. Aliniambia njiani kwamba asingeweza kumshika mtu mkono siku alipofiwa na kumwambia twende. Ningekuwa mimi, ningemshika.

Baada ya hapo Mwalimu alinyamaza. Mama yangu alinipigia simu akasema anamwona amekaa mlangoni tu, mikono mapajani, na kwamba turubai la magotini limekaa kavu. Majirani walimpelekea chakula. Wazazi waliambiwa na watoto wao walichokifanya, na wale kina mama walikuja mmoja mmoja kuomba msamaha, na yeye aliwafariji mpaka wakachoka kufarijiwa. Watu walianza kusema kwa sauti ya chini kwamba hatafika kiangazi.

Nilipopanda kumwona mama, nilimkuta amerudi kwenye jiwe. Nikadhani anatafuta mabaki. Chokaa ilikuwa imeanza kubanduka kwa mvua, lakini likeni haikuwapo, na hata ingeanza kuota siku ile, asingeishi kuiona. Nilimsalimia, akaniashiria nichuchumae.

"Angaria," akasema.

Pale juu ya weupe, buibui alionekana kama kitone cha wino. Zamani, kijivu juu ya kijivu, ulikuwa unamwona tu akisharuka. Sasa ulimwona kabla. Alitembea kidogo, akasimama, akagusisha sehemu yake ya nyuma kwenye jiwe, akabaki hivyo kidogo, ndipo akaruka. Na pale jua la asubuhi lilipopiga umande, niliona uzi mwembamba kabisa umetoka alipokuwa mpaka alipofikia. Mwingine alikosea, akaanguka kando ya jiwe, akaning'inia, akaupanda uzi wake mpaka pale pale alipoondokea.

"Iko ndani ya kitabu," Mwalimu akasema, bado ameshika lupu. "Nilisomaka ile mustari nikiwa kijana. Mbele ya kuruka, anafunga kwanza. Kila mara. Ulishanisikia nikiifundisha?"

Nikasema hapana.

"Ata mwaka moya. Nilikuwa nasema, anakimbia. Nilikuwa nasema, hana fasi." Akavua lupu shingoni, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

Hakuteremka kwa mkewe Baraka siku hiyo wala wiki hiyo. Kwa mtu kama yeye kuelewa jambo na kulifanya ni safari mbili tofauti. Lakini kiangazi kilipoingia, na mke wake akakataa kupanda kwa mara ya kwanza tangu ahamie Baraka, yeye mwenyewe alimwita yule dereva wa pikipiki wa ndagala na maharagwe, akapanda nyuma na sanduku moja. Watu wa Fizi walitoka nje kumtazama anavyoondoka. Wengine walihuzunika, huyu ndiye aliyebaki. Mama yangu anasema aliwapungia mkono kama bibi harusi.

Kupokelewa hakukuwa sherehe. Mama Mwalimu alimkuta ameketi juu ya sanduku mbele ya meza yake, wateja wakimzunguka, akamuuliza, "Umekuya kutembea, ao umekuya?" Akajibu amekuja. Akamwambia basi asogee, amekaa njia ya wateja. Usiku huo alimtandikia chumba cha wageni. Aliniambia mwenyewe, bila aibu: alikuwa amezoea kitanda chake, na hakujua bado ni mgeni gani aliyemjia.

Nilikwenda kuwatazama miezi michache baadaye, mchana wa siku ya mapumziko. Shule jirani na yetu ilikuwa imekosa mwalimu wa biolojia, nikatumwa kumbembeleza. Niliwakuta uani, ndagala zimetandazwa kwenye wavu, wamekaa kila mmoja upande wake wakichagua zilizovunjika. Mwalimu alikuwa mzito wa kazi, anamtazama kila samaki kwa lupu. Mke wake alikuwa ameshamaliza beseni mbili.

Niliposema nilichotumwa, Mwalimu alitikisa kichwa. Alisema hawezi kusimama mbele ya watoto kabla hajarekebisha somo moja.

"Somo gani?" mke wake akauliza.

Nilishangaa. Kumbe katika miaka yote hiyo hakuwahi kulisikia. Alisikia vipande tu kutoka kwa watoto, kwamba baba anasema buibui anakimbia, na vipande hivyo vilimtosha.

Mwalimu akamweleza. Hakuwa na ubao, akatumia mikono, huku likeni, huku buibui. Alieleza wawili wanavyokaa nyumba moja, mmoja akipika, mmoja akishika jiwe. Alieleza buibui, upepo, halafu akaeleza uzi, polepole, akitazama mikono yake. Alipomaliza alisema kwamba kwa miaka mingi aliwauliza watoto nani mkubwa, na yeye mwenyewe alijiweka upande wa likeni, kwa sababu alibaki.

Mama Mwalimu hakuacha kuchagua samaki. "Ile likeni," akasema, "umesema iko bintu bibili."

"Iko bibili."

"Na moya peke yake juu ya libwe?"

"Haiwezi."

"Sasa we, kule juu, ulikuwa na nani?"

Nilimwona Mwalimu akitafuta jibu, kama anavyotafuta mtu jina analolijua. "Na miye mwenyewe," akasema mwishowe.

"Basi haukukuwa likeni," mke wake akasema. "Ulikuwa kuvu. Kama ile ya muhogo iliyonyeshewa."

Niliogopa. Nilimjua mtu yule, nilijua anavyokunja uso akishindwa mabishano. Lakini alianza kucheka. Alicheka mpaka kifua kikamshika, mpaka mke wake akalazimika kuinuka kumpiga mgongoni, na yeye akaushika ule mkono na hakuuachilia.

"Mama," akasema alipopata pumzi. "Kule ng'ambo. Mulikuwa munalala wapi?"

Mikono ya Mama Mwalimu, ile isiyotulia, ilitulia. Akavuta kiti, akaketi upande ule ule aliokaa mumewe.

"Usiku ya kwanza, ao kisha tulipopata nyumba?"

"Ya kwanza," akasema Mwalimu. "Anzia kwa ya kwanza."

Akaanza.